Mali bila daftari: Usalama wa vifaa katika biashara ndogo mjini Birmingham

Mwanzoni mwa mwezi Septemba mwaka 2025, mitambo ya kiwanda cha magari cha Jaguar Land Rover kilichoko Solihull, jirani kabisa na jiji la Birmingham nchini Uingereza, ilinyamaza. Haukuwa mgomo wa wafanyakazi, wala moto, wala uhaba wa vyuma. Wadukuzi walikuwa wameingia katika kompyuta za kampuni hiyo, nayo ikalazimika kuzizima yenyewe ili madhara yasienee. Zaidi ya mwezi mmoja ulipita kabla ya uzalishaji kuanza kurejea, tena kwa awamu, tarehe 8 Oktoba.

Madhara hayakuishia kwenye lango la kiwanda. Cyber Monitoring Centre, taasisi inayopima ukubwa wa mashambulizi ya aina hiyo nchini Uingereza, ilikadiria kuwa hasara ilifikia pauni bilioni 1.9, na kwamba mashirika zaidi ya 5,000 yaliguswa. Mwishoni mwa Septemba serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuwa ingedhamini mkopo wa pauni bilioni 1.5 ili kuisaidia kampuni hiyo na wale wanaoiuzia vipuri. Miongoni mwa walioguswa walikuwamo wenye karakana ndogo, ambao kompyuta zao wenyewe zilikuwa nzima, lakini mteja wao mkubwa alikuwa amefunga mlango.

Kisa hicho kinazusha swali linalomhusu kila mwenye biashara ndogo. Ikiwa kampuni yenye wataalamu wake na fedha zake ilipigwa mwereka, je, mtu mwenye duka moja na kompyuta mbili atajikinga kwa lipi?

Mwanzo wa jibu ni mkongwe kuliko kompyuta zenyewe. Waswahili walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwizi hachagui duka

Wako wafanyabiashara wanaojituliza kwa kusema kwamba wao ni wadogo mno kiasi cha mdukuzi kutowaona. Takwimu hazikubaliani nao. Uchunguzi uliotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 2025 ulionyesha kwamba asilimia 43 ya biashara nchini humo zilikumbwa na shambulio au uvunjaji wa usalama wa mtandao katika muda wa miezi 12 iliyotangulia. Njia iliyotumika zaidi ni ile ile ya kila siku, yaani barua pepe ya ulaghai inayomtaka mtu abonyeze mahali fulani au ataje neno lake la siri.

Sababu ni nyepesi kueleweka. Mwizi wa mtandaoni hatembei kwa miguu. Programu zake hupita usiku na mchana zikijaribu maelfu kwa maelfu ya milango, mithili ya mtu apitaye mtaani akitikisa kitasa cha kila nyumba. Programu hizo hazijui mlango ni wa benki au wa kinyozi. Zinajua tu kwamba umefunguka.

Mfano unaoumiza zaidi unatoka Kettering, mji ulioko mashariki ya Birmingham. Huko kulikuwa na kampuni ya malori iliyojulikana kwa jina la Knights of Old, iliyoanzishwa mwaka 1865, ambayo baadaye ilikuja kuwa sehemu ya kundi la KNP. Ilikuwa na malori takriban 500. Mwezi Juni mwaka 2023 wadukuzi waliingia, wakayafunga mafaili yote kwa virusi vya kudai fidia, kisha wakataka walipwe ndipo wayafungue. Mwezi Septemba mwaka huo huo kampuni iliyodumu miaka 158 ilikuwa imefilisika, na watu takriban 700 wakapoteza ajira.

Inaaminika kwamba wadukuzi hao waliingia kwa kulikisia neno la siri la mfanyakazi mmoja. Mkurugenzi wa kampuni hiyo, Paul Abbott, alieleza baadaye kwamba hakuwahi kumwambia mfanyakazi huyo kuwa huenda neno lake ndilo lililofungua mlango. Kampuni hiyo ilikuwa na bima, na mitambo yake ya kompyuta ilisemekana kutimiza masharti yaliyotakiwa. Kufuli moja legevu lilitosha.

Jiji la kazi elfu moja

Birmingham tangu zamani imepewa sifa ya kuwa jiji la kazi elfu moja. Utajiri wake wa karne ya 18 na ya 19 haukujengwa na viwanda vikubwa peke yake. Ulijengwa pia na karakana ndogo ndogo za shaba, vifungo, kalamu za chuma, bunduki na vito, na hadi leo masonara wamo katika mtaa wao uitwao Jewellery Quarter. Jiji hilo la watu zaidi ya milioni moja bado ni jiji la milango mingi midogo.

Nenda barabara ya Coventry katika mtaa wa Small Heath, au barabara ya Stratford inayopita Sparkbrook na Sparkhill, utaiona hali hiyo kwa macho. Kuna maduka ya nguo, mikahawa, ofisi za kutuma fedha, wauza simu, mawakala wa safari na wasafirishaji wa mizigo. Kiswahili nacho husikika, kwani miongoni mwa wakazi wamo Wasomali waliowahi kuishi Kenya, Wakongomani, na wengine waliotoka katika nchi za Afrika Mashariki.

Msikilizaji, chukua mfano wa kubuniwa wa duka moja la kutuma mizigo kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Mwenye duka akiulizwa ana vifaa vingapi vilivyounganishwa na mtandao, atajibu bila kusita kuwa ana kompyuta mbili.

Hesabu ya kweli ni nyingine. Kuna kompyuta ya kaunta na kompyuta mpakato ya mwenye duka. Kuna mashine ya kusomea kadi, printa, na ruta iliyoletwa na kampuni ya simu siku ya kwanza, ambayo haijaguswa tangu hapo. Kuna kamera mbili za ulinzi, tableti ya kupokelea oda, na simu ya duka. Kuna simu binafsi za wafanyakazi watatu, ambazo ndani yake mna barua pepe za duka na picha za pasipoti za wateja zilizotumwa kwa WhatsApp. Kabatini kuna kompyuta mpakato ya zamani ambayo hakuna aliyeifuta. Mwisho kuna simu moja aliyoondoka nayo kijana aliyeacha kazi mwaka jana, naye bado anaweza kusoma ujumbe wa wateja akitaka.

Hivyo ni vifaa 14, ilhali mwenyewe anavijua viwili tu. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa maana mlango usiojulikana kuwa upo hauwezi kufungwa.

Safu tano za daftari

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji mtaalamu wala fedha nyingi. Daftari la shule linatosha, likigawanywa safu tano na likitengewa kila kifaa mstari wake.

Safu ya kwanza ni ya jina la kifaa na jina la anayekishika. Kifaa kisicho na mwenyewe hakisasishwi na mtu, na kikipotea hakuna anayeshtuka upesi. Kwa simu yafaa kuandika pia namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo huonekana mtu anapobonyeza *#06#. Simu ikiibiwa, namba hiyo ndiyo itakayoiwezesha kampuni ya simu kuizuia isitumike.

Safu ya pili ni ya umri. Kila kompyuta na kila simu ina siku ambayo mtengenezaji wake ataacha kuiletea masasisho, na tangu siku hiyo nyufa zitakazogunduliwa hazitazibwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupata muda wa nyongeza. Kompyuta nyingi madukani bado zinaitumia, kwa kuwa bado zinawaka na bado zinachapisha ankara. Kuwaka si ushahidi wa usalama.

Waingereza walilipa gharama ya kulisahau jambo hilo tarehe 12 Mei mwaka 2017, pale virusi vilivyopewa jina la WannaCry viliposambaa katika nchi takriban 150. Hospitali za umma za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioumia. Madaktari walirudi kwenye kalamu na karatasi, na miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000 ikafutwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ya ufa ule ilikuwa imetolewa na Microsoft mwezi Machi, takriban miezi miwili kabla. Ilikuwapo, ila haikuwa imewekwa katika kompyuta nyingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wale walijenga ukuta.

Kanuni inayofuatwa sasa chini ya mpango wa serikali ya Uingereza uitwao Cyber Essentials ni kwamba sasisho la kuziba ufa mkubwa liwekwe ndani ya siku 14 tangu kutolewa. Kwa duka dogo njia rahisi ni kukiruhusu kifaa kijisasishe chenyewe usiku, na kutoiahirisha kazi hiyo kila mara kwa sababu wateja wamejaa.

Safu ya tatu ni ya kufuli. Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza, NCSC, kilichoanza kazi mwaka 2016, hushauri watu waunde neno la siri kwa kuunganisha maneno matatu yasiyohusiana. Neno kama hilo ni refu kwa mdukuzi na jepesi kwa mwenyewe kulikumbuka. Juu yake huongezwa uthibitisho wa hatua mbili, ambapo anayeingia huthibitisha tena kupitia simu yake. Hata neno la siri likivuja, mara nyingi mwizi hubaki nje. Barua pepe ya duka ndiyo ya kwanza kustahili kinga hiyo, maana anayeishika barua pepe anaweza kubadilisha maneno ya siri ya huduma nyingine zote.

Ruta na kamera nazo zisisahauliwe. Tangu tarehe 29 Aprili mwaka 2024 sheria ya Uingereza inakataza vifaa vya namna hiyo vya matumizi ya kawaida kuuzwa vikiwa na neno la siri jepesi la kiwandani, na inamtaka mtengenezaji aseme atavihudumia kwa muda gani. Lakini kamera iliyonunuliwa kabla ya hapo inaweza kuwa bado na neno lile lile lililoandikwa kwenye boksi. Aidha, mteja anayeomba waifai akisubiri zamu yake apewe mtandao wa wageni, usiogusana na ule wa mashine ya malipo.

Safu ya nne ni ya nakala. Hapa panahitaji kusisitizwa, kwa sababu mtu aliye na nakala salama ya kumbukumbu zake hana ulazima wa kumlipa mwizi ili azipate tena. Nakala hiyo sharti ikae mbali na kompyuta inayoilinda. Diski iliyochomekwa muda wote hufungwa na virusi pamoja na kompyuta yenyewe. Nakala moja ihifadhiwe kwenye huduma ya mtandaoni, nyingine kwenye diski inayochomolewa na kupelekwa kwingine. Na angalau mara moja kwa miezi michache mwenye duka ajaribu kulirudisha faili moja, apate kujua kama nakala yake inafanya kazi au ni sanduku tupu.

Safu ya tano ni ya mwisho wa kifaa: kimepotea, kimeuzwa, au aliyekishika ameacha kazi. Simu ikisahauliwa kwenye basi la kwenda mjini, mwenyewe anapaswa kuwa anajua mapema jinsi ya kuifunga na kuifuta kutoka mbali, maana siku ya msiba si siku ya kujifunza kuogelea. Ikiwa ndani yake kulikuwa na huduma za benki, nchini Uingereza namba 159 humuunganisha mteja na benki yake, ikiwa ni miongoni mwa zile nyingi zilizojiunga na huduma hiyo. Na mfanyakazi anapoaga, siku hiyo hiyo aondolewe kwenye barua pepe, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye akaunti zote za duka.

Kufuli si tuhuma

Hadi hapa mambo yanaonekana mepesi. Ugumu wenyewe haupo kwenye mitambo, upo kwenye mila za biashara ya kifamilia.

Maduka mengi ya wahamiaji husimama kwa kuaminiana. Mjomba ndiye mwenye leseni, shangazi anashika kaunta, mpwa aliyesoma chuoni ndiye fundi wa kompyuta asiyelipwa. Neno la siri ni moja, wote wanalijua, nalo limebandikwa chini ya kaunta. Kumwambia shangazi kwamba kuanzia leo atakuwa na akaunti yake mwenyewe isiyofungua kila kitu kunaweza kusikika kama kumwita mwizi. Na si jambo dogo kwa mzee aliyeijenga biashara kwa mikono yake kumwuliza kijana wa miaka 20 jinsi ya kuifunga simu yake.

Hata hivyo, wenye maduka wenyewe wanajua kwamba daftari la fedha halikubuniwa kwa sababu ya kumshuku mtu. Ndugu wawili wanaoshirikiana dukani huandika kila shilingi ili siku hesabu ikipungua pasiwe na wa kunyooshewa kidole. Akaunti tofauti kwa kila mtu hufanya kazi hiyo hiyo. Humlinda mwenye mali, na humlinda shangazi pia. Barua ya ulaghai ikimnasa, mwizi atapata kile tu alichoruhusiwa shangazi, na duka zima halitaporomoka kwa kosa la dakika moja.

Hapo kisa cha Kettering kinarudi kwa uzito mwingine. Mfanyakazi mmoja aliachiwa abebe, bila yeye mwenyewe kujua, hatima ya wenzake takriban 700. Kufuli la pili lingemwondolea mzigo ambao haukupaswa kuwa wake peke yake.

Kuna pia adabu ya kulipokea kosa. Mfanyakazi aliyebonyeza pasipofaa akijua kwamba atafokewa mbele ya wateja, atanyamaza, na saa za mwanzo ambazo zingeweza kuliokoa duka zitapita. Akijua kwamba atasikilizwa, atasema mara moja: tafadhali mjomba, nimekosea, chomoa kompyuta kwenye mtandao. Sentensi hiyo ina thamani kuliko programu nyingi za kununua.

Amana ya wateja

Wako watakaosema kwamba duka ni lao na hasara ni yao. Sheria haisemi hivyo. Picha ya pasipoti ya mteja, anwani ya mama yake Mombasa na namba yake ya simu ni amana. Chini ya sheria za Uingereza za kulinda taarifa za watu, zilizopata sura mpya mwezi Mei mwaka 2018, mwenye biashara anayepoteza taarifa zinazoweza kumdhuru mtu analazimika kuiarifu Ofisi ya Kamishna wa Habari, ICO, ndani ya saa 72 tangu alipogundua. Kenya ilipitisha sheria yake ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, kwa hiyo anayefanya biashara kati ya Birmingham na pwani ya Afrika Mashariki anakutana na wajibu huo pande zote mbili.

Njia bora ya kupunguza hatari hiyo ni kutokuweka kisichohitajika. Mzigo ukishafika na muda wa kisheria wa kutunza kumbukumbu ukiisha, picha ya pasipoti haina kazi tena simuni. Kilichofutwa hakiibiwi.

Kwa anayetaka kuhakikiwa rasmi, mpango wa Cyber Essentials uliozinduliwa mwaka 2014 una nguzo tano: ukuta wa kinga kati ya duka na mtandao, vifaa vilivyopangwa kwa usalama, masasisho, udhibiti wa nani anaingia wapi, na kinga dhidi ya virusi. Kwa biashara ya watu wasiozidi tisa ada yake ya ngazi ya kwanza imekuwa pauni 300 na ushei kwa mwaka, kabla ya kodi. Fedha hizo si chache kwa muuza nguo wa Small Heath. Lakini miongozo ya NCSC kwa biashara ndogo hutolewa bure, na nguzo zote hizo tano huanza na swali moja lisilo na bei: je, una nini, na nani anacho?

Baada ya mitambo ya Solihull kuanza tena kunguruma, wenye karakana walirudi kwenye oda zao na malori yakarudi barabarani. Huko Kettering malori ya Knights of Old hayakurudi. Kati ya kupona na kufa kwa biashara mara nyingi huwa ni mambo madogo yaliyofanywa, au yaliyoahirishwa, jioni moja ya kawaida baada ya mteja wa mwisho kuondoka. Jioni kama hiyo mwenye duka anaweza kuteremsha mlango wa chuma, kumwita mpwa wake, kulifungua daftari jipya, na kuandika mstari wa kwanza: kompyuta ya kaunta, anayeishika ni nani.